Kilichotokea Huandikwa, Kilichopo Huhesabiwa

Mhadhara kwa wauzaji wa nguo na vijana wa kompyuta, Shituru, Likasi



Mada yetu ni namna ya kusanifu hifadhidata ya duka dogo la nguo linalouza mtandaoni. Naona mbele yangu watu wa aina mbili. Wapo wauzaji: asubuhi wanapiga picha ya kikwembe, wanaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp, na kabla ya saa sita mchana mteja wa komini ya Kikula na mwingine wa Panda wameshaandika, "Mama, niwekee hicho." Wapo pia vijana wanaojua programu, ambao wakiombwa kusaidia duka la mama zao hufungua kompyuta palepale na kuanza kuchora majedwali. Vijana nawaomba wafunge kompyuta hadi nimalize. Sehemu ngumu ya kazi hii haihitaji umeme.

Ninachotetea ni hiki: hifadhidata ya duka iandike yaliyotokea, na yaliyopo yahesabiwe kutokana na hayo. Nguo zilizobaki, deni la mteja, faida ya mwezi: hayo ni majibu, na jibu hutolewa linapoulizwa. Aliyelielewa jambo hili ataweza kusanifu hata kwa kalamu. Asiyelielewa atanunua programu ya bei kubwa na bado atabishana na wateja wake.

I. Duka limetoka wapi

Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929, enzi za Union Minière du Haut-Katanga, mji huu ukiitwa Jadotville. Mwaka 1930 kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira kikaanza kutoa umeme kwa ajili ya viwanda vya shaba. Kwa miongo mingi nyumba za hapa ziliishi kwa mshahara wa Union Minière, kisha wa mrithi wake Gécamines. Kila mfanyakazi alikuwa na namba yake ya matrikule, na nyuma ya namba hiyo walikaa makarani wa kuandika zamu, mgao wa chakula na matibabu. Kisha ikaja miaka ya 2003 na 2004, na mpango wa kuondoka kazini kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliacha kazi. Nyumba nyingi za Likasi zikasimama kwa biashara ndogo: unga, makala, sabuni, nguo.

Historia hiyo ina somo la kiutendaji. Shirika lilikuwa na ofisi nzima ya makarani. Mwenye duka dogo ndiye mnunuzi, muuzaji, mhasibu na karani, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Mfumo unaomdai ajaze nafasi kumi kwa kila kikwembe ataubwaga kabla mwezi haujaisha, na atakuwa na haki. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha usanifu ni uchache wa maandishi: usimwombe muuzaji aandike kitu ambacho kinaweza kuhesabiwa kutoka kwa kingine.

II. Nguo tatu, hesabu tatu

Programu nyingi za maduka hudhani kwamba bidhaa ina jina, saizi, rangi na idadi. Tuione dhana hiyo mbele ya nguo tunazouza kweli.

Ya kwanza ni kitenge. Hufika kikiwa cha yadi 12 au yadi 6. Mteja mmoja huchukua yadi 6 zote ashonewe libaya na vikwembe vyake. Mwingine anataka yadi 2 tu. Ukiwa umeandika "idadi: 1", na huyo wa yadi 2 umemkatia, kilichobaki ni ngapi? Si 1, wala si 0. Mtu atasema, basi tuhesabu yadi. Vema, lakini hata hilo halitoshi. Yadi 4 zilizobaki kwenye kitambaa kimoja na yadi 2 zilizobaki kwenye kingine si yadi 6 za kumuuzia mtu anayetaka suti kamili, ingawa jumla inasema 6. Muuzaji anayekata lazima awe na mstari wa kila kitambaa, na urefu wake. Muuzaji asiyekata anaweza kuhesabu vipande tu. Uamuzi wa kukata au kutokata ni wa biashara, na hufanywa kabla ya jedwali kuchorwa.

Ya pili ni nguo iliyoshonwa tayari: gauni, shati, jinzi. Hapa mtindo na kitu chenyewe ni mambo mawili. Gauni la mtindo mmoja, lenye saizi 38, 40 na 42, la rangi nyekundu na nyeusi, kwenye picha ni moja, kwenye rafu ni vitu sita. Kwa hiyo kuna jedwali la mitindo, lenye jina, picha na maelezo, na jedwali la vitu, ambalo kila mstari wake unasema: mtindo huu, saizi hii, rangi hii, bei hii. Saizi iandikwe pamoja na nchi yake, maana 40 ya Ufaransa ni kubwa kuliko 40 ya Italia, na mteja anayerudisha gauni amepoteza nauli, nawe umepoteza mteja.

Ya tatu ni mitumba. Balo likishafunguliwa, kila nguo ni ya peke yake. Hakuna kumwambia mteja kwamba ipo saizi nyingine. Idadi yake ni 1 mpaka iuzwe. Ugumu uko kwenye gharama: ulilipia balo, hukulipia shati. Kwa hiyo mabalo yawe na jedwali lao: lilinunuliwa lini, kwa dola ngapi, zilitoka nguo ngapi, ngapi zilikuwa za kutupa. Kila nguo inayopigwa picha ibebe namba ya balo lake. Baada ya misimu michache mwenye duka ataweza kuuliza ni mabalo ya aina gani yanayomlipa na yapi yanayomla, swali ambalo kichwa peke yake hakiwezi kulijibu kwa haki, kwa sababu kichwa hukumbuka zaidi balo lililofurahisha.

Kubeba namba ya balo ndani ya mstari wa nguo ni jambo dogo kulitazama, lakini ndilo wazo lililobadili kazi hii duniani. Edgar Codd, Mwingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alilichapisha mwaka 1970. Kabla yake programu ilibidi ijue njia ya kupita ndani ya kumbukumbu za mashine ili kuifikia taarifa. Njia ikibadilishwa, programu inavunjika. Codd alipendekeza taarifa zikae katika majedwali ya kawaida, na majedwali yaungane kwa thamani zilizoandikwa humo. Tangu hapo iliwezekana kuuliza swali ambalo msanifu hakulifikiria siku ya kwanza. Mwaka 1974 watafiti wengine wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walieleza lugha ya kuuliza maswali hayo, ambayo leo tunaijua kama SQL.

Kanuni inayofuata kutoka kwa Codd ni kwamba kila jambo lina mahali pamoja pa kuandikwa. Jina la mtindo likirudiwa katika mistari sita, siku ya kulisahihisha utasahihisha mitano. Na kila mstari uwe na namba yake isiyo na maana yoyote. Usitumie jina la kitenge kama kitambulisho, kwa sababu muuzaji wa Shituru na muuzaji wa Lubumbashi wanaweza kukiita kitambaa hichohicho majina mawili, na msimu ujao kikapewa la tatu. Majina ni ya watu, namba ni ya jedwali.

III. Mteja ni nani

Fomu zilizobuniwa kwingine huuliza jina la kwanza na jina la ukoo. Kwetu majina ya karatasini ni matatu: jina, postnomu na prenomu. Mwaka 1972, katika siasa ya uhalisia ya Rais Mobutu, majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na baadaye yakarudi. Ndiyo maana mnaweza kukuta mzee asiye na prenomu kwenye karatasi zake, na mwanawe anayo. Tena mtaani mama haitwi hata moja kati ya majina hayo; anaitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nashauri safu mbili tu: jina analoitwa, na jina linalotokea anapolipa kwa simu. La pili ndilo litakalokuokoa siku pesa imeingia kutoka kwa mtu usiyemtambua.

Vijana wengi hutumia namba ya simu kama kitambulisho cha mteja. Msifanye hivyo. Hapa mtu mmoja ana laini mbili au tatu, kwa sababu ya mtandao unaoshika na usioshika na bei za vifurushi. Laini hupotea, na namba iliyolala muda mrefu hupewa mtu mwingine. Na simu moja hutumiwa na mama na binti zake. Kwa hiyo mteja ana namba yake ya ndani, na simu zina jedwali lao, kila mstari ukisema: simu hii ni ya mteja yule, ilianza kutumika tarehe fulani. Mteja akibadili laini, historia yake ya manunuzi haipotei.

Anwani nayo iwe kama tunavyoielekeza: komini, mtaa, barabara, kisha nafasi ya kuandika alama ya karibu, yaani kanisa, shule, bomba la maji. Mwenye pikipiki hutafuta alama kabla ya kutafuta namba ya nyumba. Usilazimishe nafasi ya msimbo wa posta, kwa maana mteja atakuandikia sifuri ili fomu imwachie apite, na hifadhidata yako itajaa uongo uliouomba mwenyewe.

Na usikusanye usichokihitaji. Kongo ina sheria ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023, inayogusa biashara ya mtandaoni na pia ulinzi wa taarifa binafsi. Lakini hata bila sheria, mteja anayenunua kwa deni hapendi jirani ajue. Kijana anayeleta mzigo aone anwani na kiasi cha kupokea. Deni la mwezi uliopita halimhusu.

IV. Pesa mbili katika duka moja

Wazee wa hapa wanakumbuka zaire, zaire mpya ya mwaka 1993, kisha faranga ya sasa iliyoanza mwaka 1998, na jinsi bei zilivyokimbia katika miaka hiyo. Tangu wakati huo bei ya nguo hutajwa kwa dola, na mteja hulipa kwa alichonacho. Tuangalie mwaka 2023 peke yake: ulianza dola moja ikiwa takribani faranga 2,000, ukaisha ikiwa zaidi ya 2,600. Muuzaji aliyeandika faranga tu katika kaye, yaani daftari lake, halafu akajumlisha mwaka mzima, alijumlisha vitu visivyofanana.

Kwa hiyo kila malipo yabebe mambo manne: kiasi, fedha gani, kiwango cha kubadilisha cha saa hiyo, na njia. Kiwango kinachoandikwa ni kile mlichokubaliana na mteja, hata kama kambisti, mbadilishaji fedha wa kona ya pili, ana kingine. Kiwango cha leo kisiguse malipo ya jana.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wanafunzi. Nimesema kila jambo liandikwe mahali pamoja. Je, bei ya gauni, ambayo imo katika jedwali la vitu, iandikwe tena katika mstari wa oda? Ndiyo, iandikwe. Bei ya leo ya gauni ni jambo moja. Bei aliyouziwa Mama Fulani mwezi wa tatu baada ya kuombana ni jambo jingine, na halitabadilika kamwe. Msanifu asiyetofautisha haya mawili atapandisha bei Jumatatu, kisha Jumanne akute mauzo ya mwaka jana yamepanda pia.

Kiasi kiandikwe kwa namba nzima, yaani dola kwa senti zake: dola 12 na nusu ni senti 1,250. Kompyuta huhesabu kwa msingi wa mbili, na desimali kama 0.1 hazimo kikamilifu katika hesabu hiyo. Mabaki madogo hujikusanya na mwisho wa mwezi hesabu haifungi.

Pesa ya simu imeturahisishia kitu kimoja. Vodacom ilileta M-Pesa Kongo mwaka 2012, na leo wengi hutumia hiyo, Airtel Money au Orange Money, wakiwa na salio la dola na la faranga. Kila muamala huja na namba yake ya rejea. Iweke namba hiyo kwenye jedwali la malipo, na iagize hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kuandikwa. Ujumbe mmoja wa malipo hautaweza kulipia nguo mbili, hata ukitumwa tena na mtu mwingine kwa sauti ya kuharakisha. Kuhusu ujumbe wa kughushi, jedwali halina uwezo. Hapo angalia salio lako mwenyewe.

V. Salio haliandikwi

Sasa nafika kwenye kiini. Programu nyingi hutunza safu iitwayo "idadi iliyopo". Ukiuza, inapunguzwa, ukileta, inaongezwa, namba ya zamani inafutwa. Natoa hoja kwamba kaye ya muuzaji ina akili kuliko programu hiyo. Katika kaye, kilichoandikwa kwa kalamu hakifutiki: ukikosea unakata mstari na kuandika chini yake, na kosa linabaki likionekana. Udhaifu wa kaye ni kwamba haijibu haraka.

Tuchukue mfano wa gauni jeusi la saizi 40. Yaliingia 10. Yameuzwa 7. Moja limerudishwa kwa kuwa halikumtosha mteja. Moja limeungua kwa pasi. Hesabu: 10, toa 7, ongeza 1, toa 1, yabaki 3. Jumamosi unahesabu rafu na kukuta 2. Kama ulitunza namba 3 tu, huna pa kuanzia. Kama ulitunza matukio, utauliza moja moja: yale saba yaliuzwa kwa nani, lini, nani alipeleka? Huenda kuna uuzaji wa kibandani ambao haukuandikwa. Ukilikosa jibu, hubadilishi 3 kuwa 2. Unaandika tukio jipya: "hesabu ya rafu, pungufu 1", na tarehe. Baada ya miezi sita jumla ya mistari hiyo ya pungufu itakuambia kama una tatizo la uandishi au tatizo la mikono.

Deni huenda vilevile. Mteja amechukua nguo za dola 30. Akalipa dola 10 siku hiyo. Wiki ya pili akaleta faranga 28,000, kiwango mlichokubaliana kikiwa 2,800, yaani dola 10. Deni ni 10, na hakuna aliyeandika 10 popote; limetoka kwenye matukio matatu. Mteja akidai amemaliza, humwonyeshi namba, unamwonyesha siku na kiasi. Ikitokea noti yake ya dola ilikuwa na mpasuko mdogo, kambisti akaikataa na wewe ukamrudishia, hilo nalo ni tukio, lenye mstari wake.

Na "niwekee" je? Mauzo ya mtandaoni hapa hujengwa juu ya neno la mteja kwamba atakuja. Wauzaji wengi hulitunza kichwani, na ndipo ugomvi huzaliwa: gauni moja, wateja wawili, wote wameahidiwa. Kuwekewa ni tukio pia: nani, kitu gani, saa ngapi, mpaka lini. Muda ukipita bila malipo ya kianzio, ahadi inaisha bila mtu kuifuta, kwa sababu hesabu yenyewe huangalia saa. Na pale ambapo mama anauza kibandani na binti anajibu WhatsApp kwa wakati mmoja, hifadhidata lazima ifanye mambo mawili kama moja: kuhakikisha kitu bado kipo, na kuandika kwamba kimechukuliwa. Likifaulu moja, lifaulu na jingine. Likishindwa moja, yote mawili yasiwe. Mifumo yote ya hifadhidata inayoheshimika ina uwezo huo. Daftari na mazungumzo ya WhatsApp havina.

VI. Chombo

Nimechelewesha swali la programu makusudi. Jirani na kiwanda kilichojengewa mitambo ya umeme, nyumba zetu hukatiwa umeme, na mtandao huondoka nao. Hifadhidata iliyoko kwenye mashine ya mbali peke yake itamwacha muuzaji bila jibu mteja akiwa mlangoni. Chaguo langu kwa duka dogo ni SQLite, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp. Aliianzisha akiwa katika kazi ya programu za manowari za jeshi la Marekani, mahali ambapo kutegemea hifadhidata iliyo kwenye mashine nyingine kulikuwa kunakwamisha kazi mashine hiyo inapozimika. Ni faili moja, haina malipo, na imo tayari ndani ya simu zenu. Hata WhatsApp hutunza mazungumzo yenu humo. Duka likikua na kuwa na wauzaji wengi katika miji miwili, PostgreSQL au MySQL zitafaa, na majedwali mliyoyachora yatahamia huko bila kubadili sura sana.

Faili moja pia huibwa au huharibika kwa mara moja. Nakala iwe kwenye simu ya pili kila jioni, na nyingine mahali pengine mtandao unaporudi. Na nakala ijaribiwe kufunguliwa, kwa sababu isiyofunguka haina kazi.

VII. Pa kuanzia

Majedwali niliyoyataja ni haya: mitindo, vitu, mabalo, wateja, simu, oda, mistari ya oda, malipo, ahadi za kuwekewa, na mienendo ya stoki, yaani matukio ya nguo kuingia na kutoka. Ni kumi. Muuzaji hatayaona yote. Ataona kurasa tatu: nimeleta, nimeuza, nimelipwa. Mengine yanajazwa nyuma ya pazia, na hiyo ndiyo kazi ya ninyi vijana.

Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu, kaeni na muuzaji mmoja na kaye yake. Mwombeni ataje maswali anayojiuliza kila Jumamosi: nani ananidai, nani namdai, kitenge gani kimelala tangu Krismasi, balo lipi lilinilipa, pikipiki imenila kiasi gani. Yaandikeni kwa maneno yake. Kisha pitisheni kila swali kwenye majedwali yenu kwa karatasi na kalamu. Swali ambalo majedwali hayawezi kulijibu halionyeshi kwamba mnahitaji programu kubwa zaidi. Linaonyesha kwamba kuna tukio dukani ambalo hakuna anayeliandika. Litafuteni tukio hilo, mlipe mstari wake, kisha mfungue kompyuta.

Sasa ni zamu yenu ya kuuliza, na ningependa wauzaji waanze.